Mkono na Ufunguo: Nafasi ya Mazoezi ya Vitendo katika Historia ya Kufundisha Usimbaji Fiche, kutoka Baghdad hadi Kilindini na Enzi ya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna stadi ya usimbaji fiche ilivyofundishwa katika nyakati nne: Baghdad ya karne ya 9, Poznań mwaka 1929, Kilindini mwaka 1942, na enzi ya kompyuta kuanzia mwaka 1977. Hoja kuu ni kwamba uimara wa msimbo haujulikani kwa kauli ya aliyeuunda, bali kwa jitihada za waliojaribu kuuvunja. Kwa hiyo, maarifa haya yalisonga mbele pale tu mwanafunzi alipotiwa mkononi matini fiche halisi na kutakiwa kuifungua. Hoja ya pili, inayotokana na ya kwanza, ni kwamba zoezi la namna hiyo hufungamana na lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza kwa mifano ya Kiingereza pekee hujifunza takwimu za lugha isiyo yake. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza nafasi ya mazoezi hayo katika ufundishaji wa somo hili kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Historia ya usimbaji fiche aghalabu husimuliwa kama historia ya vipaji. Anatajwa mtu mmoja mwenye akili ya pekee, kisha msimbo mmoja uliomshinda adui, kisha mwingine aliyeuvunja. Usimulizi wa aina hii unapendeza, lakini unaacha swali la msingi bila jibu: watu hao walijifunzaje? Mtu hazaliwi akijua kuhesabu marudio ya herufi, wala kutambua kwamba ujumbe mbili zimefichwa kwa ufunguo mmoja. Kuna mahali alipofundishwa, kuna kitu alichopewa akifanyie kazi, na kuna idadi ya majaribio yaliyoshindikana kabla ya lile lililofaulu.

Swali hili lina uzito kwa wakati wetu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mamilioni ya wakazi wa Afrika Mashariki wamezoea kutuma fedha kwa simu, na siri za wagonjwa, wanafunzi na wapigakura zinazidi kuhifadhiwa katika mifumo ya kielektroniki. Siri zote hizo hulindwa kwa kufuli za kihisabati. Jamii inayotumia kufuli hizo bila kuwa na watu wanaoweza kuzijaribu hulazimika kuamini neno la muuzaji. Kwa hiyo namna tunavyofundisha somo hili, iwe kwa kukariri orodha ya mifumo au kwa kuifungua mifumo yenyewe, inahusu pia uwezo wa jamii kujilinda.

Makala haya yanatumia mkabala wa kihistoria linganishi. Nyakati nne zilizoteuliwa zinatofautiana kwa mahali, lugha na zana, lakini katika kila moja tunaweza kuona kilichowekwa mbele ya mwanafunzi na kilichotokana nacho. Kabla ya kuziingia, ni vyema kufafanua istilahi.

2.0 Istilahi za Msingi na Aina Mbili za Msimbo

Katika makala haya, matini wazi ni ujumbe kabla ya kufichwa, na matini fiche ni ujumbe baada ya kufichwa. Kanuni ya kubadili moja kuwa nyingine inaitwa msimbo, na siri ndogo inayoamua msimbo huo utafanyaje kazi mara hii inaitwa ufunguo. Mpokeaji halali hufungua matini fiche kwa ufunguo. Mvunjaji huifungua bila kupewa ufunguo.

Misimbo ya kale, kwa wingi wake, inarejea katika aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kuhamisha: herufi au silabi zinabaki zilezile lakini mahali pake panabadilika. Wasemaji wa Kiswahili wa pwani wanaifahamu aina hii kupitia kinyume, usemi wa mafumbo ambamo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzoni, hata kitabu kikawa bukita. Edward Steere, aliyechapa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, aliushughulikia usemi huo. Watoto huujifunza kinyume kwa kusema na kujibu, na ndani ya siku chache sikio huzoea kukifungua papo hapo. Udhaifu wake unaonekana hapohapo: hakina ufunguo. Yeyote anayeijua kanuni anaelewa kila kitu. Auguste Kerckhoffs aliiweka hoja hii katika maandishi yake ya mwaka 1883 kuhusu kriptografia ya kijeshi: mfumo bora ni ule unaoweza kuangukia mikononi mwa adui bila madhara, kwa kuwa siri imo katika ufunguo pekee.

Aina ya pili ni ya kubadilisha: mahali pa herufi hapabadiliki, ila kila herufi huvishwa nyingine. Mfano unaojulikana zaidi unahusishwa na Julius Caesar, ambaye mwandishi Suetonius anaeleza kwamba alizisogeza herufi hatua tatu mbele. Tukitumia alfabeti ya herufi 26 na hatua hizo tatu, methali isemayo haba na haba hujaza kibaba inakuwa kded qd kded kxmdcd nleded. Mfano huu utarejewa, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo maelezo matupu hayawezi kulionyesha.

3.0 Baghdad: Hesabu ya Herufi kama Zoezi

Risala ya kale zaidi inayojulikana kuhusu uvunjaji wa misimbo iliandikwa na Abu Yusuf Yaqub al-Kindi, mwanafalsafa aliyefanya kazi Baghdad na kufariki yapata mwaka 873. Nakala yake ilipatikana katika hazina ya maktaba ya Süleymaniye mjini Istanbul na kuchapishwa katika miaka ya 1980. Umuhimu wake kwa hoja yetu umo katika namna ilivyoandikwa. Al-Kindi hasemi tu kwamba msimbo wa kubadilisha unaweza kuvunjwa. Anaagiza kazi ya kufanywa. Mtafutaji achukue matini nyingine ya lugha ileile, yenye urefu wa kutosha. Azihesabu herufi zake, moja baada ya nyingine, na kuzipanga kuanzia ile inayojitokeza zaidi. Kisha afanye vivyo hivyo kwa alama za matini fiche, na alinganishe safu hizo mbili.

Maagizo haya ni ya mkono kabla ya kuwa ya nadharia. Hakuna awezaye kuyathibitisha kwa kuyasoma, sharti ahesabu. Tukiirudia methali yetu iliyofichwa, hesabu inaonyesha kwamba kati ya herufi 22, herufi d imejitokeza mara 9, tena ndiyo inayofunga kila neno kati ya maneno matano. Anayekijua Kiswahili hahitaji kuambiwa zaidi. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu inayotawala ni a. Ikiwa d ni a, basi kila herufi imesogezwa hatua tatu, na ujumbe mzima umefunguka. Ni kweli kwamba methali hii imejaa a kuliko kawaida, lakini katika matini ndefu ya Kiswahili pia a huongoza herufi zote.

Hapa linajitokeza sharti ambalo walimu wengi hulipita bila kulitazama: al-Kindi alisisitiza lugha ileile. Katika Kiarabu, alifu na lamu ndizo zinazotangulia katika hesabu. Katika Kiingereza ni e, ikifuatiwa na t. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya Kiingereza, akaitumia kwa matini fiche ya Kiswahili, atasoma d kuwa e na atapotea tangu hatua ya kwanza. Maarifa ya al-Kindi, kwa hiyo, hayahamishwi kwa tafsiri ya majedwali yake. Yanahamishwa kwa kurudia kazi aliyoagiza katika lugha ya anayejifunza.

Maarifa hayo yaliendelea kuhesabiwa kuwa stadi ya kazi. Al-Qalqashandi wa Misri, aliyefariki mwaka 1418, aliyaweka katika ensaiklopidia yake kubwa iliyokusudiwa makarani wa serikali, akimtegemea Ibn al-Durayhim aliyemtangulia. Kuwekwa kwake pamoja na mambo ya wino, karatasi na mitindo ya barua kunaonyesha kwamba usimbaji ulichukuliwa kuwa sehemu ya umahiri wa karani.

Ulaya inatupatia mfano wa kinyume chake. Mwaka 1553, Giovan Battista Bellaso alichapa msimbo unaotumia neno la ufunguo ili herufi moja ivishwe sura mbalimbali. Baadaye msimbo huo ulipewa jina la Vigenère. Kwa muda mrefu ulisifiwa kuwa hauvunjiki. Charles Babbage aliuvunja katika miaka ya 1850 lakini hakuichapa mbinu yake, na ikabaki kwake. Ni mwaka 1863 ambapo Friedrich Kasiski, afisa wa jeshi la Prusia, alichapa njia inayoweza kufundishwa: tafuta mafungu ya herufi yanayojirudia katika matini fiche, pima umbali kati yake, na urefu wa ufunguo utajidhihirisha. Kati ya Bellaso na Kasiski ni miaka 310. Sifa ya msimbo huo ilidumu kwa sababu waliousifu walikuwa wengi kuliko walioketi na kuujaribu, na aliyefaulu kuujaribu hakumfundisha mwingine.

4.0 Poznań: Darasa la Mwaka 1929

Karne ya 20 ilizaa madarasa rasmi. Nchini Marekani, William Friedman na mkewe Elizebeth waliwafundisha maafisa wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha ya darasa lao ya mwaka 1918 ni zoezi lenyewe: baadhi ya maafisa wanaitazama kamera na wengine wamegeuza nyuso, na mipangilio hiyo miwili, ikisomwa kwa makundi ya watu watano watano kwa kufuata msimbo wa Francis Bacon, inatamka kwa Kiingereza kwamba maarifa ni nguvu. Kila herufi ilihitaji watu watano, na watu hawakutosha kuikamilisha herufi ya mwisho. Mwanafunzi wa darasa hilo alikuwa yeye mwenyewe alama ndani ya msimbo.

Hata hivyo, darasa lililoacha athari kubwa zaidi lilianza Januari 1929 katika mji wa Poznań, Poland. Idara ya usimbaji ya jeshi la nchi hiyo iliamua kuwatafuta wanahisabati, ilhali desturi ya wakati huo ilikuwa kuwategemea wataalamu wa lugha. Poznań uliteuliwa kwa sababu mji huo ulikuwa chini ya Ujerumani hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, hivyo vijana wake walikijua Kijerumani vizuri. Profesa Zdzisław Krygowski wa Chuo Kikuu cha Poznań aliwachagua wanafunzi takriban 20, nao wakaapishwa kutunza siri. Masomo yalitolewa jioni, nje ya ratiba ya chuo, na walimu walitoka katika idara ya usimbaji yenyewe. Miongoni mwao walikuwemo Maksymilian Ciężki na Antoni Palluth.

Mpango wa masomo hayo unastahili kuzingatiwa. Wanafunzi walianza kwa kuelezwa misingi, kisha wakapewa ujumbe halisi za jeshi la Ujerumani zilizonaswa hewani, wakatakiwa kuzifungua. Zoezi halikuwa limetungwa ili lifaulu. Baadhi ya wanafunzi waliacha njiani. Watatu waliojitokeza, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, ndio walioajiriwa Warsaw mwezi Septemba 1932.

Mwishoni mwa mwaka huo, Rejewski aliubaini mpangilio wa nyaya za ndani wa mashine ya Enigma. Jinsi alivyofanya inaonyesha mafunzo aliyopewa. Wajerumani walikuwa na utaratibu wa kuandika ufunguo wa herufi tatu mara mbili mwanzoni mwa kila ujumbe. Kwa hiyo herufi ya kwanza na ya nne katika matini fiche zilitokana na herufi moja. Ya pili na ya tano vilevile. Ya tatu na ya sita pia. Marudio hayo, kama yale ya Kasiski, yalikuwa ufa. Rejewski aliuingia ufa huo kwa nadharia ya hisabati inayoshughulikia mipangilio, lakini pia kwa kuzijua tabia za watu. Mwendeshaji aliyechoka huchagua herufi zinazofanana, na anayefanya kazi kwa ujumbe halisi huizoea tabia hiyo.

Mtafiti mwangalifu atapinga kwamba Rejewski hakufaulu kwa mazoezi peke yake, na pingamizi hilo lina haki. Wafaransa, kupitia Gustave Bertrand, walimpatia nyaraka zilizouzwa na Mjerumani Hans-Thilo Schmidt, na bila nyaraka hizo kazi ingekuwa ngumu zaidi. Lakini Waingereza na Wafaransa walikuwa nazo nyaraka hizo na hawakupiga hatua hiyo. Moja kati ya vikwazo ilikuwa namna vitufe vya mashine vilivyounganishwa na gurudumu la kuingilia. Dilly Knox, mvunjaji misimbo mashuhuri wa Uingereza, hakulipata jibu. Rejewski alikisia kwamba Wajerumani waliunganisha tu kwa mfuatano wa alfabeti, na alikuwa sahihi. Nyaraka zilikuwa sawa, lakini mikono haikuwa imefunzwa sawa. Mwezi Julai 1939, huko Pyry karibu na Warsaw, Wapoland waliwakabidhi washirika wao matokeo ya kazi yao, na kazi ya Bletchley Park nchini Uingereza ikajengwa juu ya msingi huo.

Bletchley nako kunathibitisha jambo lilelile. Mashine ya Enigma haikuweza kamwe kuificha herufi kwa herufi hiyohiyo. Mavis Lever, msichana aliyejifunza kazi hiyo akiwa kazini, aliutazama ujumbe mrefu akaona kwamba hauna herufi L hata moja. Alitambua kwamba mtumaji, alipoambiwa atume ujumbe wa majaribio, alikuwa amebonyeza L mfululizo. Sifa hiyo ya mashine iliweza kusomwa na yeyote katika maelezo. Kuitambua L isiyokuwepo ni matokeo ya kuzitazama kurasa nyingi za aina hiyo siku baada ya siku.

5.0 Kilindini: Msimbo wa Meli za Japani, 1942

Kazi ya namna hii ilifika pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Ofisi ya Uingereza iliyoshughulikia misimbo ya Japani ilihama kutoka Singapore kwenda Colombo mapema mwaka 1942 Wajapani walipokaribia. Baada ya Colombo kushambuliwa kwa ndege mwezi Aprili mwaka huo, sehemu kubwa ya ofisi hiyo ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na kikosi cha meli za kivita hadi Kilindini, Mombasa. Ilipewa jengo la shule ya wavulana wa Kihindi, Allidina Visram, lililochukuliwa kwa matumizi ya vita. Umbali kutoka maji ya Japani uliifanya mawimbi ya redio yafike kwa udhaifu, na ujumbe zilizonaswa zikapungua.

Miongoni mwa misimbo iliyokuwa mezani ni ule wa meli za biashara ulioitwa JN-40. Ilidhaniwa kwamba ulijengwa kama msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, yaani kitabu cha maneno yaliyopewa namba, kisha namba hizo kuongezewa namba nyingine. Mwezi Septemba 1942, kosa la Wajapani wenyewe liliwapa dalili John MacInnes na Brian Townend, nao wakagundua kwamba dhana ya awali haikuwa sahihi. JN-40 ulikuwa muungano wa zile aina mbili za kale: kila alama ilibadilishwa kuwa namba ya tarakimu mbili kutoka jedwali la nafasi 100, kisha tarakimu hizo zikahamishwa kwa kupangwa katika safu. Kufikia Novemba 1942, waliweza kusoma ujumbe za zamani na pia mpya kadiri zilivyoingia, na nyendo za meli zilizobeba askari na shehena zikajulikana.

Kwa mtazamo wa ufundishaji, tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, msimbo uliohesabiwa kuwa wa kisasa ulikuwa, ndani yake, kubadilisha na kuhamisha. Asiyewahi kuzifanya kwa mkono aina hizo mbili asingeutambua muungano wake. Pili, maarifa hayo hayakuachwa Mombasa. Ofisi ilirejea Colombo mwaka 1943, kazi yake ikiwa siri ya vita. Jengo lilikuwa la shule, lakini kilichofanyika humo hakikukusudiwa kufundishwa kwa vijana ambao shule hiyo ilijengwa kwa ajili yao. Tunaweza kusema kwamba pwani ilitoa paa, na elimu ikasafiri na meli.

6.0 Enzi ya Kompyuta: Mlango Unafunguliwa

Hadi miaka ya 1970, elimu hii ilibaki zaidi ndani ya majeshi na ofisi za siri. Mambo matatu yaliibadilisha hali hiyo. Mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapa wazo la ufunguo wa hadharani: watu wawili wanaweza kuwasiliana kwa siri bila kukutana kwanza kupeana ufunguo. Mwaka 1977, serikali ya Marekani ilitangaza hadharani kiwango cha usimbaji kilichoitwa DES. Mwaka huohuo, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliunda mfumo unaojulikana kwa herufi za majina yao, RSA, na gazeti la Scientific American likatoa kwa wasomaji ujumbe uliofichwa kwa namba yenye tarakimu 129 pamoja na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua. Ulifunguliwa mwaka 1994 na watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kupitia intaneti. Kwa mara ya kwanza, zoezi la Poznań liliwekwa mbele ya ulimwengu mzima.

DES nayo ilipata mwisho wake kwa vitendo. Ufunguo wake ulikuwa na biti 56, yaani uwezekano wa takriban 72,000,000,000,000,000. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama idadi hiyo inatosha. Mjadala ulifungwa mwezi Julai 1998, taasisi ya Electronic Frontier Foundation ilipojenga mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000 na kuupata ufunguo kwa saa 56. Mrithi wa DES, kiwango cha AES, hakuteuliwa faraghani. Mifumo 15 ilishindanishwa, waundaji wakaishambulia mifumo ya wenzao mbele ya watu, na mwezi Oktoba 2000 ukateuliwa mfumo wa Rijndael wa Joan Daemen na Vincent Rijmen wa Ubelgiji. Hoja ya kwamba uimara huthibitishwa na mvunjaji ilikuwa sasa imekuwa utaratibu rasmi.

Je, mwanafunzi wa leo, mwenye programu inayosimba kwa kubonyeza kitufe, bado anahitaji kalamu na karatasi? Mfano mdogo wa RSA unajibu. Tuchukue namba tasa 3 na 11, ambazo zao lake ni 33. Ufunguo wa hadharani uwe 3 na wa siri uwe 7. Kila herufi ipewe namba yake katika alfabeti: a ni 1, b ni 2, h ni 8. Ili kusimba, namba huzidishwa yenyewe mara tatu, ikagawanywa kwa 33, na baki ndilo jibu. Neno haba linakuwa 17, 1, 8, 1. Mpokeaji huipandisha kila namba kwa kipeo cha 7 na kuchukua baki, na 17 inarudi kuwa 8, na 8 kuwa 2.

Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii ataona mambo mawili ambayo fomula haikumwambia. Herufi a imetoka ikiwa 1, kama ilivyoingia. Moja ikizidishwa yenyewe haibadiliki. Tena a zote mbili zimetoka sawa. Kwa hiyo, hata namba tasa zikiwa kubwa kupindukia, anayesimba herufi mojamoja kwa njia hii ameandika msimbo wa kubadilisha, na al-Kindi angeuvunja kwa kuhesabu. AES pia ina mtego wa namna hiyo: ikitumiwa kwa kila kipande peke yake kwa ufunguo mmoja, vipande viwili vinavyofanana hutoa matini fiche zinazofanana, na sura ya ujumbe huonekana. Tiba yake ni kuchanganya ujumbe na namba za kubahatisha, au kukifungamanisha kila kipande na kile kilichokitangulia. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu huielewa tiba hiyo kwa sababu ameuona ugonjwa.

7.0 Mjadala

Nyakati hizi nne zinaonyesha mwelekeo mmoja. Udhaifu uliovunja msimbo wa Caesar, wa Vigenère, wa Enigma na wa RSA inayotumiwa vibaya ni wa ukoo mmoja: kitu kimerudiwa, na marudio yameacha alama. Kinachobadilika ni mavazi ya marudio hayo. Kwa sababu hiyo, mazoezi ya misimbo ya kale ndiyo mahali ambapo jicho hufunzwa kuona marudio yakiwa bado makubwa kiasi cha kuonekana. Ni makosa kuyahesabu kuwa burudani ya kutangulia somo lenyewe.

Hata hivyo, makala haya hayadai kwamba mkono unatosha. Rejewski asingefika bila hisabati, na zoezi lisilo na nadharia huzaa fundi anayejua kufuli moja tu. Vilevile, anayefundishwa kuvunja anafundishwa nguvu inayoweza kudhuru. Jibu la historia kwa hofu hiyo si kuuficha ujuzi. Usiri wa Babbage haukumlinda yeyote aliyeutegemea msimbo wa Vigenère. Jibu ni kuweka mipaka ya wazi: mwanafunzi avunje misimbo aliyopewa na mwalimu au iliyotolewa hadharani kwa ajili hiyo, na si mali ya mtu ambaye hakuridhia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba elimu ya usimbaji fiche ilistawi pale matini fiche halisi ilipofika mikononi mwa wanaojifunza, na ilidumaa pale ilipotolewa kama orodha ya mifumo ya kuaminiwa. Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa walimu wa somo hili katika vyuo vinavyotumia Kiswahili. Kwanza, kila mfumo unaofundishwa uambatane na zoezi la kuuvunja, au la kuvunja umbo lake dogo. Pili, matini za mazoezi ziwe za Kiswahili, na wanafunzi wenyewe wazihesabu herufi zake kutoka magazeti, barua na vitabu, ili majedwali yatokane na lugha wanayoilinda. Tatu, kinyume na michezo mingine ya lugha itumike kuwa hatua ya kwanza ya somo, kwa kuwa wanafunzi wengi huja darasani wakiwa tayari wameijua aina moja ya msimbo, isipokuwa hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

Majedwali ya marudio ya herufi, silabi na viambishi vya Kiswahili yakikamilika, yatawafaa walimu na pia watafiti wa isimu. Al-Kindi aliifanya kazi hiyo kwa Kiarabu kwa kalamu na subira. Kwa Kiswahili, kalamu zipo na kompyuta zipo. Kilichobaki ni kuiweka katika mtaala.